Makofi ya Madam Hind

Madam Hind aliweza kumgombeza mtu kwa lugha mbili bila kuvuta pumzi, lakini neno refu la Kifaransa lilimkwama kooni. Kampuni moja ya Jeddah ilitaka meneja wa kusoma ripoti kwa Kifaransa, usaili ulikuwa Alhamisi, na nyumba yake ya Riyadh haikuwa na amani.

Achieng, mfanyakazi wake wa ndani, alikuwa amefundisha chekechea Kisumu. "Madam, maneno marefu tuyakate," alisema. "Watoto tunawapigia makofi, kila silabi na kofi lake."

"Nikipata kazi hiyo, halas, nakusainia ruhusa ya kutoka, uende kwenu."

Moyo ulimlipuka Achieng kwa matumaini. Mkataba wake ulikuwa umekwisha zamani, na siku hizi bintiye Stacy, kwenye simu, alimwita auntie. Jina hilo lilimuuma hata usingizini.

Basi wakapiga. Res-pon-sa-bi-li-té. Mwanzoni Achieng alikosea, kofi la nguvu akalipiga kwenye *li*, kama Kiswahili kinavyoegemea silabi ya pili kutoka mwisho. Simu iliyowasomea maneno ilisema vingine, kwamba sauti iegemee mwisho kabisa. Wakarudia jikoni, wakarudia kwenye ngazi, vitunguu vikaungua na hakuna aliyegombezwa.

Alhamisi, nje ya ofisi ya Jeddah, Achieng alibaki garini. Alifungua kioo, akafunga, akaomba Mungu, akafungua tena. Vidole vilikuwa vikigonga magoti vyenyewe.

Madam alitoka mbio, akaingia, akamkumbatia. "Wamenichukua!"

Achieng alilia kwa furaha. "Kwa hiyo naenda nyumbani, madam?"

"Uende wapi? Sasa ni ripoti kila mwezi! Bila wewe mimi mafi, si kitu. Tunahamia huku. Nyumbani utaenda mwakani, inshallah." Tayari alikuwa amekunjua karatasi. "Hili hapa refu. Yalla, piga."

Mikono ya Achieng ilibaki mapajani.

"Yalla, Achieng!"

Hakupiga. Madam, ambaye hakujua kusubiri, akapiga mwenyewe: in-dus-tri-a-li-sa-tion. Kofi la mwisho lilikuwa la nguvu, na hakukosea popote.

Achieng alifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Umeweza peke yako, madam," alisema. "Sasa nisainie."