Dereva Huyu Amezeeka

Mimi Kiswahili kibovu kinanikera kuliko mashimo ya barabarani. Kwa hiyo Austine, fundi wa kompyuta aliyetoka bara akaja kufungua duka Ukunda, alipoanza kupanda gari la hoteli yetu, nilimsomesha bila kuombwa. Kila kitu kwake kilikuwa "hii". Hii mlango, hii mtoto, hii wageni.

"Mwanangu," nikamwambia, "mtu haitwi hii. Mtu ni huyu. Siku utakayosema 'hii dereva' mbele yangu, utashuka utembee kwa miguu."

Kijana ana adabu. Alicheka, akarudia: dereva huyu, dereva amekuja, dereva ameondoka. Baada ya miezi miwili alikuwa ananiamkia shikamoo na kuniuliza habari za nyumbani kabla hata hajafunga mlango. Nilijisifu sana kwa kazi ile. Laiti ningalimwacha na hii zake!

Hoteli yetu ni ndogo, iko Galu, nami nimeiendeshea gari miaka kumi na tisa. Nawapokea wageni kiwanja cha ndege cha Ukunda, nawashusha Bodo wapande boti ya kwenda Funzi, jioni nawarudisha wakiwa wameiva kwa jua. Meneja ni Monicah, naye ni mtu wa bara, mchapa kazi asiyejua kukaa kitako. Wiki ile alikuwa na jambo moja tu kichwani. Ijumaa saa nne mawakala wa utalii wangekuja kutazama filamu ya hoteli, na laptopu yake kila ikifunguliwa filamu ilikuwa inakatakata picha na kuchora mistari ya kijani. Akampelekea Austine aiangalie.

Jumatano nikapita dukani kwa Austine kuichukua. Juu yake alikuwa amebandika karatasi aliyomwandikia Monicah. Haikuwa na bahasha, nami macho ninayo.

"Madam, tatizo nimeliona: ni dereva. Huyu tuliye naye amezeeka mno, haelewi mambo ya kisasa, na ndiye anayetuaibisha mbele ya wageni. Leo mtandao wangu umegoma, kwa hiyo nitakuja hapo Ijumaa asubuhi nimwondoe na kumweka mpya. Mpya anapatikana bure mtandaoni."

Niliegesha gari kando ya barabara nikaisoma mara tatu. Lililonichoma zaidi ni kwamba sarufi yake ilikuwa safi, haina kasoro hata moja. Halafu lile neno bure. Ni mtu gani huyo anayeendesha gari bure? Lakini vijana wa siku hizi hata kazi isiyo na mshahara wanaigombania huko mtandaoni.

Monicah aliisoma karatasi mbele yangu, akashusha pumzi.

"Kumbe ni dereva tu! Na vile nilikuwa nimeogopa, nikidhani ni kitu kubwa."

"Ni dereva tu," nikamwitikia.

"Si inabadilishwa Ijumaa? Basi, hakuna shida."

Inabadilishwa! Mimi, mtu mwenye wajukuu wanne, naitwa "i" kama gurudumu. Nikamwachia laptopu yake mezani nikatoka.

Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, nilikaa barazani kwangu Kinondo nikaandika barua ya kuacha kazi. Mke wangu alinisihi niulize kwanza. Nikamwambia nimesoma kwa macho yangu mwenyewe, niulize nini tena? Nilijua vizuri kwamba kazi nyingine sipati. Dereva wa umri wangu akienda kuomba kazi huambiwa akapumzike, na mimi kupumzika sikuwezi, naogopa kushinda nyumbani nikihesabu kuku. Lakini sikuwa tayari kuondolewa na mtoto niliyemfundisha mwenyewe kusema "huyu". Nikaandika kwa heshima na taadhima, kwa ridhaa yangu mwenyewe, nikiwashukuru wote. Barua ilikuwa nzuri mpaka nikamsomea mke wangu mara mbili.

Ijumaa saa tatu nikamkabidhi Monicah. Aliisoma hadi mwisho, akasimama, akanipa mkono kwa mikono yake miwili. Nikatoka kichwa juu, na fahari ile nikakaa nayo kama nusu saa hivi.

Ndipo Austine akaingia na mkoba wake.

"Shikamoo mzee wangu! Njoo uone ninavyomwondoa dereva."

Nilidhani kijana amepotelewa na haya. Nikamfuata mapokezi ili nimwambie hivyo hivyo. Akaifungua laptopu, akatoa orodha ndefu ya vifaa, akaweka kidole kwenye kimoja.

"Hapa ni kadi ya picha. Ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Lakini yenyewe na kompyuta hazisikilizani mpaka kuwe na programu ya kuiongoza. Programu hiyo ndiyo dereva. Unabonyeza hapa, unachagua kusasisha, unasubiri amalize, unazima na kuwasha. Hata wewe unaweza."

"Dereva ni programu?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona uliandika huyu?"

Akanitazama kwa mshangao. "Si ni wewe ulinifundisha, mzee?"

Nikamwacha anasubiri mashine yake, nikakimbia mpaka ofisini kwa Monicah. Alikuwa ndiyo kwanza anaiweka simu chini.

"Mama, ile barua niliiandika kwa makosa. Nakuomba unirudishie."

"Makosa gani, mzee Matano? Imeandikwa vizuri kabisa." Kisha akainamisha macho. "Wacha nikwambie ukweli. Mwaka mzima wakurugenzi wananisukuma nitafute dereva kijana, na nilikuwa nashindwa kukuambia. Ulipoleta hiyo barua nilishukuru Mungu. Kuna kijana anaitwa Ivan, nimetoka kuongea na yeye sasa hivi. Anaanza Jumatatu."

Hasira ilinipanda, lakini sikupata wa kumkasirikia isipokuwa mimi mwenyewe. Nilitaka kulia. Mara Austine akaingia mbio, laptopu mikononi, kioo kinawaka na kuzima. Ilikuwa saa nne kasoro dakika tano na gari la mawakala lilikuwa langoni.

"Huyu mpya hapatani na mashine hii," alisema akihema. "Lakini msijali. Kompyuta haimtupi dereva wa zamani, humweka pembeni. Akikataa mpya, unamrudisha yule."

Akabonyeza mara mbili, akazima, akawasha. Filamu ikaanza kucheza, laini, bila mstari hata mmoja. Monicah akapiga makofi.

"Afadhali huyo wa zamani! Hawa wapya ni shida tupu."

Austine akawa anapangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Na mimi je, mama?" nikauliza.

Monicah aliniangalia, na naamini alinionea huruma kweli. Akaichukua laptopu, akaipakata kifuani, akaelekea mlangoni kuwapokea wageni wake.

"Huyo hakuandika barua, mzee."