Jimi Asife Kwanza

Mimi mbwa siwapendi, wala sikuanza jana. Nikisikia mbwa ananguruma nyuma yangu, sigeuki, nakimbia. Kule kambi ya mkonge nilikozaliwa, njia ya Muheza, nilimwona baba yangu mdogo Eliudi akifa kwa kichaa cha mbwa. Walimfunga kitandani kwa kamba za katani. Mama akamletea maji, na yule mtu mzima, mkata mkonge mwenye mabega yake, akapiga yowe kwa kuyaona tu. Maji! Tangu siku ile mbwa akipita huku, mimi napita kule.

Sasa Mungu naye ana mambo yake. Akanipa mume mtunza mbwa.

Manase, Mshambaa wa watu, mpole mpaka anaudhi, alikuwa na kazi Raskazone kwa Rehmatbai, mjane wa Kihindi ambaye marehemu mumewe aliuza vitambaa mjini. Nyuma ya nyumba yake huyo mama alitenga ua wa wanyama waliotupwa: punda wa mikokoteni waliokwisha magoti, paka vipofu, mbwa walioachwa na Wazungu waliorudi kwao. Mbwa mwenyewe hakuwagusa, kwa ajili ya udhu wake, lakini uji wao aliupika jikoni kwake. Na ua ule ulikuwa na sharti moja: hakuna kuua mle ndani. Bwana mifugo wa serikali alikuja mara ngapi na sindano yake ya kulaza wanyama, akaishia mlangoni. "Roho ameitia Mungu," Rehmatbai alimwambia, "ataitoa mwenyewe." Mnyama akifika mwisho wake, Manase alikaa naye ubavuni mpaka aishe. Ndiyo kazi aliyoipata mume wangu mimi, kukalia vifo vya mbwa! Nikisema, ananicheka.

Mwaka ule wa hamsini na tano kichaa kikazuka Muheza, na serikali ikatangaza kwamba mbwa wanaozurura watapigwa risasi. Nikamwambia Manase aache kazi. Akasema mbwa wake hawazururi. Haikupita wiki, akarudi nyumbani Makorora asubuhi na mapema, mkono umefungwa kitambaa, na kitambaa kimelowa damu.

"Si kitu, Mama Bertha," akasema. "Ni Jimi. Nilikuwa namtoa mfupa uliomkwama kwenye meno."

Yesu na Maria! Nilipiga ukelele mtaa mzima ukatoka. "Auawe!" nikalia. "Huyo mbwa auawe leo hii!" Na kila mtu akaitikia auawe, kwa sababu Makorora yote tulijua hivyo, na mimi nilijua hivyo: mbwa aliyekuuma akiuawa kabla hajashikwa na kichaa, kichaa kinakufa naye, nawe unapona. Uweso, rafiki kipenzi wa mume wangu, mwenye mkokoteni wa kubeba mizigo, alikuwa pale amesimama na kikombe cha chai mkononi. Akakiweka chini bila kukimaliza. Mimi sikumwangalia zaidi. Nilimkamata Manase mkono mzima nikamburura hospitali.

Daktari alikiosha kile kidonda kwa sabuni na maji, akaosha, akaosha, mpaka nikadhani anataka kuuchubua mkono. Kisha akauliza mbwa ni wa nani, anakula, anakunywa? Manase akajibu yote. Daktari akatuambia kwamba mbwa afungwe, aangaliwe. Siku kumi za kungoja zikipita naye yuko hai na akili zake, basi Manase hana kitu. Akionyesha dalili, sindano zinaanza siku hiyo hiyo.

"Na akifa sasa hivi?" nikauliza.

"Hapo sitajua. Kichwa chake tutakipeleka maabara, lakini ni mbali, na sindano hazingoji majibu. Mumeo nitampiga tu."

"Zile za tumboni?"

"Hizo hizo. Na nisikufiche, mama, wako wachache zinaowapooza miguu."

Hakuwa na haja ya kuniambia. Kambini kwetu tulikuwa na Methusela, mlinzi wa ghala, aliyeng'atwa akachomwa sindano zile. Kichaa hakikumpata. Lakini miguu haikurudi, akamaliza maisha yake akijikokota kwa makalio kutoka kitandani hadi mlangoni.

"Kwa hiyo mbwa asife kwanza," daktari akasema.

Hapo ndipo nilipokiona tena akilini kile kikombe cha chai kilichowekwa chini. Uweso!

Nilikimbia, mwenzangu. Khanga ikafunguka njiani nikaishika kwa meno, nikakimbia hivyo hivyo mpaka Raskazone, na Manase nyuma yangu ananiita. Hata kabla ya kuufikia ua nilisikia mlio, na sikuwahi kusikia mlio wa namna ile kwa mnyama wala kwa mtu. Uweso alikuwa juu ya ukuta, jasho linamtiririka, jiwe jingine mkononi, na uso wake umejaa furaha.

"Shemeji, usiogope tena!" akaniambia. "Namalizia!"

"Shuka!" nikamwambia. "Shuka, Uweso, utaniulia mume!"

Maskini, hakuelewa. Alibaki na jiwe lake mkononi ananitazama kana kwamba aliyeshikwa na kichaa ni mimi. Jimi alikuwa bado hai. Mgongo umevunjika, miguu ya nyuma imekufa, ya mbele inachimba mchanga akitaka kujivuta aende kwa Manase, na kila akijivuta analia. Mume wangu akapiga magoti pale pale. Mimi sikujua naogopa lipi, mbwa huyu kuishi au mbwa huyu kufa.

Tukamlaza bandani juu ya gunia, mnyororo shingoni. Kesho yake mate yalikuwa yanamtoka. Ni maumivu, au ni kichaa chenyewe? Akibweka, sauti imekauka. Ni kulia sana, au ni chenyewe? Hawezi kutembea, hataki uji, macho mekundu. Daktari alikuja mwenyewe kumtazama, akainama, akakuna kichwa. Akasema kwa mnyama aliyevunjika hivi hawezi kusema ndiyo wala siyo, tungoje. Kungoja! Kila mlio wa Jimi niliusikia tumboni mwangu, pale pale ambapo zingeingia sindano za Manase.

Bwana mifugo akaja na mkoba wake. Na safari hii Rehmatbai hakumzuia mlangoni. Alimleta mwenyewe mpaka bandani, tasbihi mkononi, macho yamevimba.

"Praxeda," akaniambia, "miaka yote nilidhani kungoja ndiyo huruma. Sikuwahi kusikia kilio kama hiki. Nasali sijui nimesali nini. Mwache alale."

"Leo, mama?" nikamjibu. "Mmewakalia wote hao mpaka wakafa wenyewe, leo ndiyo unabadilika? Leo, uzima wa mume wangu ukiwa ndani yake?"

Nilikuwa nimechukua mchi jikoni kwake, nikasimama nao mlangoni pa banda. Ningempiga nao bwana mifugo, wallahi ningempiga, serikali na inifunge.

Manase akatoka kivulini. "Wampige Jimi sindano yake, nami wanipige zangu," akasema. "Tumalize. Mimi siwezi kuponea kwenye kilio cha huyu. Hana kosa."

"Na ukipooza nani atakubeba? Jimi?" nikamwuliza. "Bertha atakula nini? Mpole gani wewe, unamwonea huruma kila mtu isipokuwa mkeo!"

 Rehmatbai akamwomba yule bwana mifugo kwa upole asubiri. "Mbwa ni wangu," akaniambia, "lakini mume ni wako. Sina uso wa kukuamulia. Sema wewe."

 Nyuma yangu Jimi akalia tena, mlio mrefu, wa kuomba.

"Asife," nikasema.

Basi nikawa mimi, Praxeda, nisiyepita njia moja na mbwa, ndiye niliyemweka Jimi hai. Manase hakuweza, akiingia tu mle, machozi. Nilimwaga supu ya mbuzi mdomoni mwa Jimi kwa kijiko kilichofungwa kwenye ufito mrefu. Nilifukuza nzi kwenye kidonda. Nilimgeuza ubavu kwa ufito ule ule, naye akipiga kelele nami nikipiga kelele, hata punda wakahamia pembe ya mwisho ya ua. Nilimwambia, "Usife, mshenzi wewe, usithubutu." Kila siku nilimsogezea bakuli la maji na kurudi nyuma, moyo mkononi, nikiiona sura ya baba mdogo Eliudi. Kila siku aliyanywa. Daktari alisema kunywa si ushahidi. Mimi nilikuwa sina ushahidi mwingine.

Siku moja ufito ukavunjika, nikaingiza mkono. Jimi akaulamba. Mama yangu! Niliruka mpaka uani, nikasugua mkono kwa sabuni na majivu hadi ngozi ikawaka, maana nilikuwa na mkato wa kisu cha mhogo kwenye kidole. Sikumwambia mtu. Tangu hapo nikawa nangojea majibu ya wawili, mume wangu na mimi mwenyewe, na yule mnyama kila akiniona alijaribu kutikisa mkia uliokwisha kufa.

Siku kumi zikaisha, Jimi yuko hai na akili zake. Daktari akamshika Manase bega akasema, "Nenda kafanye kazi, huna kitu." Nilikaa chini sakafuni hospitali nikacheka na kulia pamoja.

Hatukupitia nyumbani. Bwana mifugo aliitwa, na Rehmatbai mwenyewe ndiye aliyemfungulia. Manase akakipakata kichwa cha Jimi mapajani, akamwambia maneno ya Kishambaa sikuyasikia vizuri. Sindano iliingia na ule mlio ukakatika. Kimya kile kilinitisha kuliko kelele zote.

Njiani kurudi Makorora, Manase alitembea mzima, miguu yake miwili, na mimi nilikuwa naitazama ile miguu tu, naitazama, nashukuru. Tulipokaribia nyumbani akasimama.

"Mama Bertha, siku nikilala mimi vile, nikilia vile, nawe bado una haja nami, utaniachia niende?"

Ningeweza kumdanganya. Mdomo ukakataa.

"Sikuachii," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Ndicho ninachokiogopa," akasema, akatangulia mbele.