Kwaresima ya Kapita

Tangu Thaddée aache kuendesha mashine ya kupakua mizigo bandarini Kalundu, alibaki na kazi moja: kuwadanganya watu bila kumwibia mtu kitu. Aliwahi kuapa kwamba kiboko alimwomba kiberiti ufukweni, na wapo waliouliza kiboko alikuwa anavuta sigara gani.

Mbwa wake, Kapita, naye alikuwa na kazi. Kila mtumbwi uliofika na samaki aliukagua, na hakuna aliyemnyima utumbo. Kisha alipanda mtaa wa Kimanga kwenye bucha ya Kizito, akapewa vipande vya maini.

Ndipo macho ya Kapita yakageuka njano. Mama yake alikufa hivyo hivyo, na ndugu yake pia. Belyse, daktari wa mifugo, alituma damu Bujumbura. Majibu yaliporudi, hakutabasamu.

"Papa Thaddée, ni ugonjwa wa ukoo. Chakula chote kina shaba kidogo. Ini la huyu mbwa linaiweka, haliitoi."

"Shaba? Kumbe niko nafuga mugodi! Bachimbaji ba Kolwezi banajua?"

"Weye cheka tu. Vidonge vitaitoa polepole. Lakini maini, figo, utumbo wa samaki, hapana, hata kipande! Muchele, yai, na fromaji kidogo, ile jibini ya milima ya Rurambo. Asipoacha, Noeli hataiona."

Hapo Thaddée aliacha kucheka. Alimfunga Kapita kamba. Saa sita kamba ilikuwa imetafunwa na mbwa yuko Kalundu. Akamfuata, akawaeleza wauza samaki ukweli wote.

"Mbwa kula fromaji!" Consolate, mmoja wa wauzaji, alijishika mbavu, utumbo wa samaki mkononi. "Papa Thaddée, hiyo inapita ya kiboko."

Ilikuwa Jumatano ya Majivu. Thaddée aliona alama ya jivu kwenye paji la Consolate, akamtazama Kapita, ambaye hulala jikoni kwenye majivu ya makaa. Ulimi ukamwasha.

"Haya, nilikuwa naficha. Kapita aliweka nadhiri. Hagusi nyama wala samaki mpaka Pasaka. Muangalie paji lake!"

Consolate aliangalia. Jivu lilikuwepo. Akauficha utumbo nyuma ya mgongo wake, kwa haya.

Kuanzia siku hiyo Kalundu nzima ililinda mfungo wa Kapita. Kizito alimfukuza buchani: "Toka, usivunje nadhiri ya watu!" Wake waliwasuta waume zao: "Hata mbwa anafunga, weye na brosheti za nyama?" Nyumbani Kapita alikula wali, yai na fromaji, akameza vidonge, na macho yake yakaanza kuwa meupe. Mke wa Thaddée, Domitille, ndiye pekee aliyenuna. Yeye aliongoza rozari ya mtaa, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo.

"Mzee, unabatiza mbwa?"

Pasaka, baada ya misa, ua ulijaa watu waliokuja kumpongeza Kapita. Kizito alibeba beseni lenye ini zima la ng'ombe.

"Afungue mfungo na hii!"

"Jamani, ni sumu kwake!" Thaddée aliapa kwa kaburi la mama yake, akaeleza tena shaba, ukoo, damu ya Bujumbura. Watu walicheka mpaka machozi. Kizito akainama na beseni. Kapita akanyoosha shingo.

"Kizito, acha." Domitille alikuwa mlangoni na sahani mbili. "Kapita aliongeza nadhiri yake. Jana, wakati wa mkesha. Hagusi mpaka Noeli."

Hakuna aliyecheka. Kizito alivua kofia.

"Basi ale Papa Thaddée," akasema, akimsogezea beseni. Mzee aliyapenda maini kuliko usingizi. Mkono wake ulikuwa tayari njiani.

"Yeye pia aliongeza," Domitille akasema bila kupepesa macho. "Banafunga wote wawili."

Watu wakala ini mpaka beseni likabaki tupu. Thaddée alikaa chini karibu na mbwa wake, kila mmoja na wali, yai na kipande cha fromaji. Kapita alimaliza wa kwanza, kisha akaja kukagua sahani ya mwenzake.