Jina la Wa Nyumbani

Kuhani wa hekalu letu la Karaikudi ni mtu mwema, na Ijumaa ile nusura nimvunjie nazi kichwani. Matanga yalikuwa yamekwisha, nikampelekea sahani yangu kama miaka yote: nazi, ndizi, tambuu, kafuri. Akaipokea, akaanza kutaja watu wa nyumba yangu mbele ya Mungu, kila mtu na nyota yake ya kuzaliwa, ili wapewe afya na maisha marefu. Akataja jina langu, Tenmozhi. Kisha akapiga kengele. Basi, imekwisha.

Zamani jina la mume wangu ndilo lililotangulia, langu likafuata, halafu la binti yetu Yazhini. Yazhini ameolewa Bangalore, siku hizi anatajwa pamoja na watu wa kwa mumewe. Na mume wangu amekufa, na maiti haombewi maisha marefu. Kuhani hakukosea hata chembe, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nyumba nzima imebaki jina moja! Nilirudi nikala wali wa jana nikiwa nimesimama jikoni, maana kukaa peke yangu mkekani nilikuwa bado sijakuzoea.

Nilitaka nimsikie akitajwa mara moja tu tena, pamoja na walio hai. Nikapanda basi kwenda Tiruvarur, ambako hanijui mtu.

Nilivaa sari ya kijani, nikapaka usoni tone jekundu la wenye waume, nikaizungusha ncha ya sari shingoni. Mkufu wa ndoa haukuwapo tena pale. Wifi zangu walinivua wenyewe nilipofiwa, wakilia kuliko mimi. Njiani nilijiambia kwamba sidanganyi mtu. Sijasema neno, nimevaa tu.

Cha kuchekesha ni kwamba mume wangu mwenyewe hakupenda kuingia hekaluni. Baba yake alikuwa mtu wa chama, wale waliotukana miungu majukwaani, na wanawe wote aliwapa majina ya wafalme wa kale ili mungu yeyote asipate pa kupenyea. Kwa hiyo mimi nikiingia, yeye hubaki mlangoni na ndala zangu, anasoma gazeti. "Nisalimie huko," husema. "Mwambie nipo nje." Tiruvarur nilimwachia ndala zangu mwanamke anayelinda viatu, akanipa kibati chenye namba.

Hekalu lile ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Unavuka lango, unakuta ua, unavuka lango jingine, unakuta ua mwingine, na mawe yanaunguza nyayo. Watu wanazunguka wawiliwawili, mmoja anamwambia mwenzake ainamishe kichwa, mwingine anauliza maji yako wapi. Mimi nilijiambia mwenyewe niinamishe kichwa.

Foleni ya ndani haikuwa ndefu. Mbele yangu walikuwa wanawake wawili walioitana wifi, wenye asumini kichwani, mmoja mnene mwenye kicheko, mwingine mwembamba. Walikwisha kuhudumiwa lakini walikuwa wamesimama pembeni wakifunga nazi zao. Nyuma yangu alikuwa bibi mmoja mwenye mkongojo.

"Kwa jina la nani, mama?" kuhani akauliza. Kijana mdogo, kalala vibaya.

"Wa nyumbani."

"Huyo wa nyumbani hana jina?"

Hapo ndipo nilipouona ujinga wangu. Kwetu mke wa rika langu hamtaji mumewe, kwani kumtaja ni kumpunguzia siku. Kuhani wa kwetu alilijua jina tangu siku ya harusi, hakuwahi kuniuliza. Mimi nilimwita Baba Yazhini, na kabla Yazhini hajazaliwa nilimwita "wewe, sikia". Maisha yote ya ndoa sikulitamka jina lile, hata usingizini. Niliulinda ulimi wangu, na kiharusi kikamchukua vilevile, kikombe cha kahawa mkononi.

"Anaona haya jamani!" yule mnene akacheka. "Tumsaidie. Mumeo ana jina la mungu gani, dada? Yule mwenye tausi?"

"Si mungu. Mfalme."

"Ohoo, umeolewa ikulu! Rajendran?"

"Siye."

"Rajarajan? Karikalan!"

"Huyo mdogo wake," nikasema, na ni kweli, shemeji yangu anaitwa Karikalan. Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka. Nilikuwa sijacheka muda mrefu.

"Mimi wangu namwita Suresh mbele ya mama yake," yule mwembamba akasema, "na hafi, ananenepa tu."

"Kwa nini hukuja naye ajitaje mwenyewe?" wifi yake akaniuliza.

"Yuko nje," nikasema. "Anatulindia viatu."

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini uongo ule ulinitoka laini kuliko kweli yoyote niliyosema mwaka huo. Kwa kitambo kidogo nilimwona kabisa, miwani puani, gazeti limekunjwa magotini. Moyo ukanijaa furaha.

"Sasa si useme!" yule mnene akashika nazi yake. "Amevaaje? Ngoja nikamwite."

Na kweli akageuka, akaanza kwenda. Nikamwona atakavyotoka langoni, atakavyotazama huku na huku, atakavyorudi kuniambia kwamba hakuna mtu nje.

"Valavan!" nikapiga kelele. "Anaitwa Valavan!"

Yule mwanamke akasimama. "Kumbe ulimi unao!" akasema, na watu wakaangua kicheko.

"Nyota?" kuhani akauliza.

"Anusham."

Akamtaja. Valavan, wa nyota ya Anusham, apewe afya, apewe nguvu, apewe miaka mingi. Aliyasema harakaharaka kama anavyowasemea wote, nami nilishukuru kwa haraka ile, kwa kuwa alimchanganya humo humo na watu wengine. Kengele ilipolia mume wangu alikuwa hai. Ikanyamaza.

"Leo utagombezwa nyumbani," yule mnene akanitania. "Umempunguzia siku mwenzio!"

"Mwacheni," bibi wa nyuma akasema. Akasogea mbele, na bila kuulizwa akasema kwa sauti ya mtu anayeita mtoto aje kula: "Singaravelu. Nyota ya Rohini."

"Na bibi naye!" mawifi wakashangaa. Wakaondoka wakicheka, mmoja amemshika mwenzake bega.

Mtu haondoki hekaluni bila kukaa kidogo. Nilikaa penye nguzo, na bibi akaja akakaa kando yangu, akanyoosha miguu, akanimegea nusu ya ndizi yake.

"Shingo umeifunika vizuri," akasema. "Na miguu je?"

Nikatazama chini. Hekaluni sote tuko peku. Kwenye vidole vyangu vya pili, mahali pa zile pete za fedha za mke wa mtu, palikuwa na mistari miwili myeupe. Nikavuta sari haraka.

"Acha, wale vijana hawatazami chini," akasema. "Lililo moyoni ulimi huiba, mwanangu. Mimi nilikujua ulipopiga kelele."

Nikaitazama miguu yake. Pete hakuna. Alama hakuna. Ngozi ilikuwa ya rangi moja mpaka kwenye kucha.

"Huyo Singaravelu," nikamuuliza, "alikufa lini, bibi?"

Akatafuna taratibu, akameza.

"Sikumbuki. Hata sura yake siioni tena vizuri," akasema. "Limebaki jina."

Nikafumba macho upesi, nikamtafuta wangu.