Ufa wa Vidole Vitatu

Ufa ulipitisha vidole vitatu. Anne alipiga magoti kwenye sakafu ya choo cha wasichana, akaingiza mkono, akasikia baridi ya shimo ikipanda mpaka kiwiko. Wiki iliyopita ulikuwa unapitisha kimoja. Nje mvua ilikuwa imekatika, na wasichana wa darasa la pili walipanga mstari wakibana mapaja.

"Mama Eliane, fanya mbio, huyu anajikojolea!" mmoja akapiga kelele, wenzake wakacheka.

"Hakuna kuingia humu. Muende kule kwa majani," Anne akajibu.

"Kule kuna nyoka!"

"Nyoka inakimbia mutu. Shimo haikimbie."

Akakata matawi ya miiba, akayaburuta, akaziba mlango. Hakutumwa na mtu. Wazazi wa Kashojwa, kijiji cha kambi ya wakimbizi, walimweka kwenye kamati ya shule aangalie afya ya watoto, na kazi hiyo aliifanya kama shamba lake: maji ya kunawa, kucha, chawa, vyoo.

Kabla ya saa sita mwalimu mkuu, Musoni, akamwita ofisini. Bienvenu alikuwa ameshakaa. Huyu Bienvenu ndiye mwenyekiti wa wazazi, ndiye mkalimani wa shule, na kanisani anaongoza kwaya. Siku walipokimbia vita kwao Fizi, alimvusha Eliane, mtoto wa Anne, mtoni mgongoni mwake. Anne alimwita kaka, na si kwa adabu tu.

"Mama, hii miiba yako naleta shida," Musoni akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mkaguzi nakuja kesho. Yeye nahesabu choo. Ikipungua moja, shule nafungwa. Watoto mia sita naenda wapi? Wewe nafundisha wao?"

"Mwalimu, ile sementi imepasuka. Itaangusha mutoto."

Musoni akamgeukia Bienvenu. Bienvenu akahamia Kiingereza, wakazungumza wao wawili, sauti chini. Halafu karatasi ikasogezwa mbele ya Anne.

"Dada, tumesikilizana. Hii karatasi inasema choo ni mubaya, batujengee mupya. Mukaguzi akiona jina ya muzazi, atafanya mbio. Andika hapa."

"Hakuna kitu ingine imeandikwa?"

"Dada! Miye nikudanganye?"

Bienvenu akacheka, na Anne naye akacheka, kwa aibu ya kuuliza. Kiingereza hakujua kusoma. Jina lake alilijua. Akaliandika polepole, herufi nne, akiikandamiza kalamu.

Kesho yake Bienvenu akamtuma Base Camp, kwenye ofisi kuu za kambi, kuchukua sabuni za shule. Aliporudi na katoni kichwani, mkaguzi alikuwa ameshaondoka. Miiba ilikuwa imetupwa nyuma ya jiko. Sakafu ya choo ilikuwa laini, sementi mbichi juu, ufa hauonekani.

"Fundi alikuja asubuhi," Bienvenu akamwambia. "Unaona? Ile jina yako imefanya kazi."

Anne akangoja ikauke siku mbili, akakanyaga kwa mguu mmoja, kisha kwa miwili. Ikamhimili. Akatoka nje, akawaita wasichana waliokuwa majanini.

"Mukuje! Fasi yenu imetengenezwa!"

Alhamisi, saa ya mapumziko, sakafu ikaenda na Doriane, mtoto wa miaka minane wa Ancilla, Mrundi. Wanaume waliokuwa wakilima jirani walimtoa kwa kamba. Alikaa hospitali Mbarara siku mbili. Ya tatu alirudi kwa pikapu, amefungwa mwili mzima, uso pia, kwenye kitenge cha mama yake, na dereva hakuwa na haraka.

Jumatatu askari alikaa kwenye kiti cha Musoni, karatasi mkononi. Musoni alisimama ukutani. Ancilla alikuwa kwenye benchi, miguu haina viatu.

"Hii jina ni yako?" askari akamuuliza Anne.

"Ni yangu."

"Inasema wewe umekagua choo, umekuta iko sawa, watoto waingie."

Anne akafungua mdomo. Ancilla akamtangulia, bila kupaza sauti.

"Watoto wote wanasema ni wewe uliwaita. Ni kweli?"

Ilikuwa kweli.

"Maelezo yako naandika kwa Kiingereza," askari akasema. "Kiswahili yangu ni ya amri tu. Kaa, simama, leta kitambulisho. Mkalimani iko wapi?"

Bienvenu akaingia, kofia mkononi, akaketi karibu na Anne mpaka mabega yakagusana.

"Sema, dada. Niko hapa."

Zaidi ya Musoni, hakukuwa na mwingine aliyejua Kiingereza. Anne akasema. Akasema vidole vitatu, akasema miiba, ofisi, karatasi, sabuni, fundi. Jina la aliyemdanganya akalitaja mara tatu, akimtazama usoni. Askari alikuwa akitazama simu yake. Bienvenu alisikiliza yote mpaka mwisho, akitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikiliza mahubiri.

Halafu akamgeukia askari, akasema sentensi moja, fupi.

Askari akaiandika, akaigeuza karatasi, akamsogezea Anne kalamu.