Sura Yangu Ukutani

Nilikwenda zahanati kupima presha, nikakuta sura yangu ukutani. Mimi mzima, na kitambaa changu cha kichwa, nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki, naangalia pembeni. Juu yangu herufi nene nyekundu: WAZEE WALIOSAHAULIWA. Chini yangu viduara vya rangi, asilimia hii na asilimia ile. Presha yangu siku hiyo, hata nesi alipima mara mbili.

Jirani niliyefuatana naye alicheka mpaka akashika ukuta. "Makubwa! Kumbe nakaa na mtu maarufu!"

"Funga domo lako," nikamwambia.

Karatasi ile ya ukutani nilijua ni kazi ya nani. Kitinda mimba wangu, yule binti, ndiyo kazi yake: anachukua utafiti wa watu, anaupanga kwenye ukurasa mmoja kwa michoro na rangi, hata asiyependa kusoma asimame asome. Kilichoniuma si sura. Ni yeye. Watu watasema nini juu ya mwanangu, kwamba kamtupa mama yake? Nimemlindia jina lake miaka yote, halafu analichafua kwa mkono wake mwenyewe!

Nikampigia simu palepale kwenye benchi, wagonjwa wote wakisikia. "Umenizika nikiwa hai?"

Jioni ile ile alikuwa mlangoni kwangu, anahema, kashika karatasi alizobandua. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, weee! Nikaishia kumtazama tu alivyokonda. Tangu lini sijamtia machoni?

"Mama, nisamehe. Tukipanga ukurasa tunaweka picha yoyote ishike nafasi, mpaka ile yenyewe iletwe. Nikaweka yako, ilikuwa kwenye simu. Ile nyingine ikachelewa, mimi nikapitiwa, ikachapwa hivyo hivyo."

Akakunjua karatasi moja mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Na wewe si mmoja wao, mama. Tazama." Akaweka kidole kwenye duara kubwa la kijani. "Mtaa huu waliosahauliwa ni wachache, wazee wengi wanatembelewa na watoto wao kila wiki."

"Mlijuaje?"

"Vijana wa utafiti walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza."

"Hata kwangu walipita."

Akaniangalia. "Ukawajibuje?"

"Nikawaambia mwanangu huja kila Jumapili. Jirani naye akasema hivyo hivyo, na wanawe hata simu hawapigi. Ulitaka tuseme nini? Tuwaanike watoto wetu mbele ya wageni?"

Kidole chake kikabaki pale pale juu ya kijani. Jamani, uchungu wa mwana! Nilitamani niyameze yale maneno, lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

"Basi nibadilishe picha?" akauliza.

"Picha iache. Humo karatasini, hiyo tu ndiyo ya kweli."

Akaangua kilio, kichwa mapajani mwangu, mtu mzima na kazi yake. Nami nikalia. Miaka yote nimemsitiri mwanangu kwa watu, na siku niliyomsema, nimemsema kwake mwenyewe.