Fungu la Daraja

Usiku wa kuamkia jana, Bi. Sikudhani aliota ameletewa daraja jikoni alipike.

Hakuwa na homa, wala hakulala na njaa. Alikuwa amechoka tu. Kutwa nzima alikuwa amesimama motoni nyuma ya ukumbi wa Jukwaa la Vivuko Salama, asasi inayolipwa na halmashauri kuwafundisha wananchi namna ya kuvuka Mto Lukuya. Daraja la mto huo lilikuwa halijajengwa. Kila bajeti iliposomwa lilitajwa, na kila aliyeuliza aliambiwa liko kwenye mchakato. Wakati mchakato ukiendelea, Jukwaa liliandaa warsha. Warsha zilitaka chakula, na chakula hicho mpishi wake alikuwa Bi. Sikudhani.

Kwa kazi hiyo alimsomesha binti yake wa pekee, Havijawa, mpaka akawa mwalimu. Serikali ikampangia shule ya Kilangazi, ng'ambo ya mto. Sasa Havijawa alikuwa mjamzito na siku zake zilikuwa zimekaribia. Mvua zilikuwa zimeanza, na hospitali iko upande wa huku.

"Usihangaike, mama," alimwambia kwenye simu jioni ile. "Maji yakipungua nitavuka."

Bi. Sikudhani alilala na maneno hayo.

Katika ndoto ni mchana. Daraja limelazwa chini jikoni, juu ya majani ya mgomba, kama ng'ombe wa shughuli. Ni zima, jipya, halijakanyagwa na mtu. Linanuka saruji mbichi.

"Habari za hapa, mama," daraja linasema.

"Nzuri. Mbona uko huku? Si tuliambiwa uko kwenye mchakato?"

"Ndio huu."

Bi. Sikudhani anafunga kanga yake vizuri kiunoni. Haoni ajabu yoyote. Anachoona ni kwamba kuni hazitatosha.

Anaingia Bwana Kalinjuma, mratibu wa Jukwaa, kijana mwenye adabu, kitambulisho kinaning'inia kifuani. "Shikamoo, mama yetu. Fungu la daraja limefika?"

"Marahaba. Limefika."

"Basi lipikwe lote. Mwaka wa fedha unaisha leo jua likizama. Lisipoliwa, linarudi Hazina, na mwakani hatutapewa jingine."

"Na wanaotaka kuvuka?"

Bwana Kalinjuma anafikiri kwa dhati kabisa. "Hao hawakualikwa," anasema, kisha anarudi ukumbini.

Bi. Sikudhani anachukua panga. Analizunguka daraja, hajui aanzie wapi.

"Anza na kingo," daraja linamwambia. "Wote huanzia hapo."

"Utaumia?"

"Sijui. Sijawahi kufika hatua hii."

Anakata. Zege linakatika kama muhogo uliochemshwa. Ndani nondo ni nyeupe na zimejipanga kama mbavu. Anazitenga kwa ajili ya supu. Anachambua kokoto kama anavyochambua mchele, ameketi kwenye kigoda, kichwa kimeinama. Anakaanga vitunguu mpaka viwe vyeusi. Anatwanga iliki, mdalasini na pilipili manga. Zege likipata moto linatoa sauti kama mtu anayetafuta neno. Daraja linazidi kuwa fupi, na kadiri linavyofupika ndivyo linavyopunguza maneno.

Kila anapoinua mwiko anajiambia ataacha. Kisha anaonja, anaona chumvi haijakolea, anaongeza.

Anaingia ukumbini na sinia kichwani. Wajumbe wamekaa. Wamekaa kwa muda mrefu kiasi kwamba viti vimeanza kusema.

"Pole na kazi, mama," kinanong'ona kiti cha mstari wa nyuma.

"Pole ninyi mnaokaliwa."

"Wao wanapewa posho ya kukaa. Sisi tuliomba tusimame kidogo tujinyooshe. Tukaambiwa hoja yetu ni nzuri."

Mezani yuko Ofisa Uhamasishaji wa Ng'ambo ya Huku, na pembeni yake Ofisa Uhamasishaji wa Ng'ambo ya Kule. Yule wa Kule hajawahi kufika kule, kwa kuwa hakuna daraja. Mshahara wake unamfuata huku. Karibu na dirisha wataalamu waelekezi wamevaa tai na kushika nyungo. Wanafanya upembuzi yakinifu. Wanachota maji ya mto, wanayapepeta, maji yanapita kwenye ungo na kuwalowesha viatu, wanachota mengine.

"Mmepata nini?" Bi. Sikudhani anawauliza.

"Ni mapema kusema," anajibu mmoja wao. Anaonekana hajalala. "Ila tumeomba muda uongezwe."

Wanakula. Wanakula kwa utulivu, kama watu wanaotimiza wajibu. Meno yanasikika yakigonga kokoto, na hakuna anayelalamika. Ofisa wa Kule anainua uso. "Mama, leo umepika. Nguzo zimeiva mpaka ndani."

Bi. Sikudhani anajisikia vizuri. Hilo ndilo atakalolikumbuka baadaye kuliko yote, kwamba alijisikia vizuri, akachukua upawa na kumwongezea. Akawaongezea na wengine waliosogeza sahani.

Anapogeuka kurudi jikoni, ukuta wa mbele wa ukumbi haupo. Palipokuwa na ukuta ni Mto Lukuya, umejaa, rangi ya chai ya maziwa, na miti inapita ikiwa imelala ubavu. Ng'ambo wamesimama watu wa Kilangazi. Wapo wenye magunia ya mahindi, wapo waliobeba mgonjwa kwenye machela ya miti. Wamesimama kama wanaosubiri kuitwa majina.

Mwanamume mmoja mwenye baiskeli anaweka mikono mdomoni. "Mnakula nini huko?"

Bwana Kalinjuma anafuta midomo, anachukua kipaza sauti. "Tunawajadili ninyi."

"Tunafikaje hapo?"

"Kwa uangalifu."

Wajumbe wanapiga makofi. Mwanamume yule anasubiri makofi yaishe. "Hicho mnachokula tumekilipia sisi," anasema. Hapigi kelele. Sauti yake inavuka mto bila taabu, kana kwamba yenyewe haihitaji daraja. "Nimekatwa nilipouza mahindi. Nimekatwa niliponunua sukari. Nikikatwa naambiwa ni kwa ajili ya daraja."

"Tunawashukuru kwa ushirikiano wenu," anasema Bwana Kalinjuma, na inaonekana anashukuru kweli. Kisha anakaa, kwa kuwa posho ni ya kukaa.

Hapo ndipo Bi. Sikudhani anapomwona Havijawa. Amesimama kando ya wale wenye machela, mkono mmoja kiunoni, mwingine chini ya tumbo. Miguu imemvimba. Amevaa viatu vya marehemu baba yake kwa kuwa vyake havimwingii. Anamtazama mama yake na lile sinia kichwani.

Bi. Sikudhani anataka kulia, lakini katika ndoto hiyo machozi nayo yanasubiri kuidhinishwa. Anashusha sinia na kukimbilia jikoni.

Daraja limekwisha. Juu ya majani ya mgomba kimebaki kibamba kimoja tu cha zege, chembamba, kimeshika viungo, kinafuka mvuke.

"Umebaki wewe peke yako?" anakiuliza.

"Nimebaki mimi."

"Utafika ng'ambo?"

"Nilikuwa nafika," kinajibu kibamba. "Ukawapa nyongeza."

Hakisemi kwa hasira. Bi. Sikudhani angependa kiseme kwa hasira, apate la kujibu. Anavua kanga ya juu, anakifunga kibamba kama anavyofunga makombo ya kupeleka nyumbani, anakibeba kwapani. Mlangoni anakutana na Bwana Kalinjuma.

"Umebeba nini, mama?"

"Ukoko."

"Tulikubaliana kisibaki kitu."

"Ukoko ni wa mpishi," anasema Bi. Sikudhani. "Siku zote umekuwa wa mpishi."

Bwana Kalinjuma anatazama juu, anajaribu kukumbuka kanuni inayohusu ukoko. Wakati bado anakumbuka, Bi. Sikudhani anapita.

Ukingoni tope linamzamisha hadi vifundoni. Anafungua kanga, anakiweka kibamba kuanzia ukingo kuelekea majini. Hakifiki popote. Havijawa ameteremka mpaka kwenye maji upande wake. Ananyoosha mguu mmoja wenye kiatu cha baba yake, anaupima umbali, anaurudisha.

"Mama, rudi nyumbani," anasema. "Wingu linakuja."

"Nimekuletea daraja, mwanangu."

"Naliona."

"Ni fupi. Nililikata mimi."

"Najua, mama. Tulikuwa tunasikia harufu."

Wanatazamana. Nyuma ya Bi. Sikudhani wajumbe wanapitisha mapendekezo, mtu anasikika akisema naunga mkono, na viti vinaguna.

"Nirushe," kinasema kibamba.

"Utavunjika."

"Leo nimeshavunjika sana. Rusha."

Bi. Sikudhani anakiinua kwa mikono miwili. Ni kizito kama mtu mzima aliyelala. Anarudi nyuma, anakimbia kwenye tope na kukitupa kwa nguvu zote alizopata kwa miaka ya kuinua masufuria. Kinapita juu ya maji polepole, kikiacha mvuke nyuma yake, na kinaangukia ng'ambo ya kule, miguuni pa Havijawa.

Upande usio wake. Hakiunganishi kitu na kitu. Kimelala kwenye nyasi, basi.

Havijawa anakitazama. Kisha anashika magoti yake, anajishusha kidogo kidogo, anakikalia. Anavua viatu vya baba yake na kuviweka kando. Anapumua kwa kina.

"Asante, mama," anasema. "Nilikuwa nimechoka kusimama."

Bi. Sikudhani akaamka. Kulikuwa kumekucha na mvua imekatika. Simu ilikuwa inalia mchagoni mwa kitanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. U mzima?"

"Mzima. Nimeteremka mtoni kutazama maji. Yamezidi ya jana. Hata wenye mitumbwi wameivuta juu. Basi nimekaa hapa napumzika."

"Nyasi si zimelowa? Umekalia nini?"

Kwenye simu ulisikika mto. "Kuna kibamba cha zege hapa. Jana hakikuwepo. Nimewauliza wenye mitumbwi, nao wanashangaa. Huku hakuna aliyewahi kuleta hata mfuko wa saruji."

Bi. Sikudhani aliibana simu sikioni.

"Mama, kina harufu ya iliki."

Nje, gari la Jukwaa lilisimama mbele ya nyumba. Lilikuwa limekuja kumchukua, kwa kuwa warsha ilikuwa na siku ya pili. Dereva akapiga honi, si kwa ukali, mara moja tu.

"Mama? Jana uliwapikia nini watu hao?"

Bi. Sikudhani aliketi, akashusha miguu chini, akaanza kutafuta viatu vyake kwa vidole, simu ikiwa bado sikioni.

"Usiinuke hapo," alisema. "Nakuja."

"Utavukaje, na maji haya?"

"Sivuki. Nitakaa upande wangu, nawe kaa upande wako, tuonane mpaka yapungue."

Honi ikalia tena. Bi. Sikudhani akajitanda kanga, akatokea mlango wa uani, akashika njia ya mtoni.